Jinsi ya kuisikiliza Radiohead toka Creep mpaka A Moon Shaped Pool bila kupotea: wewe fuata gita

Watu wengi wanaijua Radiohead kwa ngoma moja tu, Creep, wanaipenda, wanaenda kutafuta zingine, wanafungua albamu ya Kid A wanakutana na sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza milio) na sauti ya mtu iliyokatwakatwa, gita halipo, wanafunga wanasema hii siyo ile bendi. Na kwa masikio kweli siyo ile, lakini watu ni walewale watano toka wakiwa shule, hakuna aliyefukuzwa hakuna aliyeondoka, yani mabadiliko yote unayoyasikia yamefanywa na vichwa vilevile. Ndo maana naipenda hii bendi kupita kiasi na ndo maana naandika haya maelekezo, mtu asiikose kwa sababu tu ameingilia mlango mbaya.

Kwanza wajue. Thom Yorke anaimba, anapiga gita na piano. Jonny Greenwood gita la kuongoza na vyombo vingine kibao, kaka yake Colin Greenwood anapiga besi, Ed O'Brien gita na sauti za nyuma, Philip Selway dramu. Walikutana Abingdon School, Oxfordshire huko Uingereza, wakaanza 1985 wakijiita On a Friday kwa sababu Ijumaa ndo ilikuwa siku yao ya mazoezi kwenye chumba cha muziki cha shule. Mwishoni mwa 1991 wakasaini na lebo ya EMI, wakaambiwa jina lile libadilishwe, wakachukua Radiohead kutoka kwenye ngoma ya bendi ya Marekani, Talking Heads. Sasa hesabu magita hapo, yapo matatu, Thom, Jonny na Ed. Bendi ya magita matatu. Lishike hilo maana njia yangu yote ina swali moja tu, unaliuliza kila unapofungua albamu mpya: gita liko wapi?

Swali linaonekana dogo lakini linafanya kazi kubwa sana. Ukisikiliza ovyo utasikia vurugu, leo rock, kesho kompyuta, keshokutwa violini. Ukilifuata gita utaona kila linapohama kuna kitu kilikuwa kimewachosha kwenye albamu iliyopita, wakakikimbia, na hapo historia ya bendi inaingia kichwani yenyewe bila kukariri.

Maandalizi ni machache. Tumia hedifoni, spika ya simu haifai kabisa kwa hawa jamaa, vitu vingi vimewekwa pembeni upande wa kulia au kushoto na vingine viko chini chini sana. Sikiliza albamu nzima toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, zima ile ya kuchanganya nyimbo. Albamu moja ipe siku kadhaa kabla hujaenda nyingine, ukizimeza zote wikiendi moja utabaki na uchovu tu. Na mashairi usiyasome mara ya kwanza, Thom anatafuna maneno makusudi, mwache, sikiliza sauti yake kama chombo kimojawapo, mashairi utayafuata ukirudi.

Usianze na ya kwanza. Najua wengi wanasema sikiliza kwa mpangilio wa miaka, mimi nakataa, anza na In Rainbows ya 2007. Sababu ni kwamba ndo albamu pekee ambayo pande zao zote mbili, ule wa bendi ya magita na ule wa mashine, zinakaa nyumba moja bila kugombana. 15 Step inafungua na dramu za mashine, jaribu kupiga makofi nayo utakwama, maana inahesabiwa tano badala ya nne, af sekunde kama arobaini mbele gita linaingia, safi, halina makelele, na ghafla unataka kucheza. Halafu nenda Weird Fishes uvae hedifoni vizuri, magita yote matatu yanachezwa kwa kudonoa nyuzi mojamoja, kila mtu na mchoro wake, yanapishana na kusokotana mpaka hujui lipi la nani. Reckoner nayo, vyombo vya kugonga vinachakarika mwanzo mwisho na gita moja tu juu yake na sauti ya Thom imepanda juu kabisa. Kama In Rainbows haijakugusa baada ya kuisikiliza mara tatu au nne basi hii bendi labda sio yako na hakuna ubaya. Ila kama imekugusa, sasa rudi nyuma 1992 tuanze kupanda.

Creep ilitoka Septemba 1992, Uingereza haikwenda popote, Radio 1 ya BBC waliiona inahuzunisha mno. Ikashika Israel kwanza, af Marekani, wakaitoa tena 1993 ndo ikafika namba 7 Uingereza. Gita liko wapi? Ngoja kabla ya kiitikio, zile kelele mbili tatu za ghafla, kraa, kraa. Hizo ni za Jonny, hakupenda ngoma ilivyokuwa pole, akalichapa gita kwa nguvu kama anataka kuiharibu, na badala ya kuiharibu ndo akaitengeneza. Albamu yenyewe, Pablo Honey ya Februari 1993, nasema wazi ni dhaifu kuliko zao zote, isikilize mara moja ujue walianzia wapi, ishike You na Blow Out, usonge mbele. Muhimu ni kuelewa kwamba Creep iliwaganda, kila shoo watu walikuja kwa ajili yake wakaisubiri wakaondoka, na hiyo karaha ndo inazaa kinachofuata. My Iron Lung ya 1994 imeandikwa kuhusu hilohilo, wimbo mmoja unaowaweka hai na kuwabana pumzi kwa wakati mmoja.

The Bends ilitoka Machi 1995, prodyuza John Leckie, na humo studio kulikuwa na fundi wa sauti kijana anaitwa Nigel Godrich, jina hili liweke akilini. Hapa gita liko kila mahali, hii ndo bendi ya magita matatu ikiwa kwenye ubora wake. Just ilianza kama mashindano kati ya Thom na Jonny, nani ataweka kodi nyingi zaidi za gita (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ndani ya ngoma moja, na unasikia kabisa inavyopanda inavyopanda mpaka Jonny anaishia kwenye noti za juu zinazotoboa sikio. Fake Plastic Trees ni kinyume, inaanza na gita la kawaida bila umeme na sauti, Thom aliirekodi baada ya kutoka kumuona mwimbaji wa Marekani Jeff Buckley akiimba London, na ukimjua Buckley utasikia kwamba kuna kitu kimefunguka kooni mwake. Street Spirit inafunga albamu kwa gita moja linalozunguka bila kupumzika. Ila nataka ushike pia wimbo wa kwanza kabisa, Planet Telex. Zile dramu ni kipande kilichotolewa kwenye wimbo wao mwingine kikarudishwa kinajirudia. 1995 hiyo, mashine ishaingia ndani ya nyumba, watu hawakuiona tu.

OK Computer, 1997. Hii wengi wanaiita kilele chao na mimi sibishani sana. Walimwacha Leckie wakampa kazi yule fundi Godrich, wakanunua vifaa vyao wenyewe, wakaanza kwenye banda lao karibu na Didcot halafu wakahamia St Catherine's Court, jumba la zamani karibu na Bath la yule mwigizaji Jane Seymour. Let Down waliirekodi kwenye ukumbi wa dansi wa lile jumba saa tisa usiku na ule uwazi wa ukumbi unausikia ndani ya wimbo. Gita liko wapi? Lipo, ila limeanza kujificha. Airbag, dramu ni sekunde chache za Selway zilizoingizwa kwenye kompyuta zikakatwa, walikuwa wamemsikiliza sana DJ Shadow, Mmarekani anayetengeneza muziki kwa vipande vya rekodi za watu. Subterranean Homesick Alien, magita yamezama kwenye pedali za kubadilisha mlio mpaka yanasikika kama taa za mbali. Climbing Up the Walls, mwishoni Jonny ameandika violini 16 zinazopishana kwa robo toni, alikuwa amemsikiliza Penderecki, mtunzi wa Poland, zinalia zote kwa pamoja na ngozi inasisimka, na hapo ndo mara ya kwanza unasikia kwamba huyu mpiga gita ana mambo mengine kichwani.

Paranoid Android nayo ipe muda wake, dakika sita na kitu, ni vipande vilivyoandikwa tofauti vikashonwa kuwa kimoja, mwanzo gita pole, katikati gita kali la kuvunja vyombo, halafu ghafla inageuka kuwa kama kwaya ya kanisani halafu ule ukali unarudi tena. Usiisikilize ukiwa unafanya kitu kingine.

Baada ya hapo ziara ndefu, mahojiano yasiyoisha, na kila kona zikazaliwa bendi zinazoimba kama Thom. Yeye akaishiwa. Hakuweza kuandika wimbo, akasema akisikia gita tu anachoka, akawa anakaa na muziki wa Aphex Twin na Autechre, muziki wa kompyuta usio na mwimbaji, na akaona sauti yake mwenyewe ndo imekuwa mzigo. Hapa ndo watu wengi wanapotea kwaiyo hapa nitakaa.

Kid A ilirekodiwa toka mwanzo wa 1999, Paris, Copenhagen, Gloucestershire, halafu studio yao Oxfordshire, na ilikuwa karibu iwavunje. Ed alikuwa anataka warudi kwenye nyimbo fupi za gita zenye melodi, Thom hataki hata kusikia, wengine wanakuja studio hawajui wafanye nini kwa sababu wimbo hauna sehemu ya chombo chao. Fikiria wewe ni mpiga dramu halafu wimbo una mashine ya dramu. Walikubaliana kwamba wakishindwa kupata albamu wanayoiamini wote basi wanavunja bendi. Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni kwamba wote walikubali kushika kitu wasichokijua. Jonny akachukua ondes Martenot, chombo cha Kifaransa cha miaka ya 1920 kinacholia kama mtu anayeimba akiwa mbali sana, akasambaza mlio wake kwenye nyimbo kadhaa. Utausikia kwenye How to Disappear Completely, hii ina gita la kawaida pia na violini zilizorekodiwa kanisani Dorchester, na kama Kid A inakutisha basi anzia wimbo huu, ni wa nne, halafu Optimistic, wa sita, hizi mbili zina gita unaloweza kulishika. Ukishazizoea ndo urudi wimbo wa kwanza, Everything in Its Right Place, usikilize kwa utulivu, sinthesaiza na sauti zilizokatwa zinakuzunguka kulia kushoto, utagundua melodi yake ni ya Thom yuleyule wa 1995, nguo tu ndo zimebadilika.

The National Anthem, lile besi linalonguruma mwanzo mpaka mwisho kalipiga Thom mwenyewe, ni mchezo aliokuwa nao toka akiwa kijana, halafu juu yake wakamwaga kundi zima la tarumbeta na saksofoni zinazopiga kelele kwa mtindo wa Charles Mingus, mwanajazi wa Marekani. Idioteque, Jonny alirekodi dakika kama 50 za majaribio ya mashine, Thom akasikiliza zote akachukua kama sekunde 40, na ndani ya hizo kuna sampo, yani kipande kilichochukuliwa kwenye rekodi, ya mtunzi Paul Lansky, muziki wa kompyuta wa 1973. Sekunde 40 tu hizo ndo zimekuwa wimbo ambao jukwaani unafanya uwanja mzima uruke.

Na sasa swali letu, gita liko wapi? Nenda wimbo wa tano, Treefingers. Hauna maneno, hauna dramu, unasikika kama ukungu wa sinthesaiza, wengi wanauruka. Usiuruke. Ile ni gita. Ni gita la Ed, Thom alichukua vipande vyake akavipitisha kwenye kompyuta akavivuta mpaka vikayeyuka. Kwaiyo hata pale unapodhani wamelitupa kabisa lipo, na la Ed kabisa, yule aliyekuwa analitaka. Mimi nikilisikiliza hilo naona bendi nzima imebebwa humo.

Ilitoka Oktoba 2000, bila singo hata moja, mahojiano machache, vikatuni vifupi vya sekunde chache tu kwenye intaneti, na ilikuwa tayari imevuja Napster, mtandao wa watu kugawana nyimbo bure, kabla ya kutoka. Ikaingia namba moja Marekani, mara yao ya kwanza.

Amnesiac ya 2001 imetoka kwenye kurekodi kulekule, watu wanaiita mabaki na wanakosea. Pyramid Song peke yake ingetosha, piano inayopigwa kwa namna ambayo hujui pigo litaanguka wapi mpaka dramu za Selway ziingie na ghafla kila kitu kinaeleweka. Like Spinning Plates ni wimbo mwingine, I Will, uliogeuzwa ukachezwa nyuma mbele, Thom akaupenda kuliko ulivyokuwa. Mwisho wa albamu kuna Humphrey Lyttelton, mzee wa jazi wa Uingereza, na kundi lake. Gita lipo kwenye I Might Be Wrong na Knives Out, linapiga hodi kurudi.

Likarudi kweli, Hail to the Thief ya Juni 2003. Walikuwa wamechoka kukaa studio muda mrefu wakaenda Los Angeles wakapiga nyingi ndani ya wiki mbili. Sekunde za kwanza kabisa za 2+2=5 ni mlio wa gita linachomekwa waya. There There ndo ya kushika, Jonny na Ed wanaacha magita wanapiga ngoma kubwa pamoja na Selway mpaka katikati, halafu gita linapasuka. Tatizo albamu ni ndefu, nyimbo 14, inachosha kuelekea mwisho. Thom mwenyewe 2008 alitoa mpangilio wake mfupi wa nyimbo kumi, ameondoa Backdrifts, We Suck Young Blood, I Will na A Punchup at a Wedding. Mara ya kwanza sikiliza hivyo alivyopanga, ila I Will baadaye itafute, ndo ule uliogeuzwa kwenye Amnesiac, sasa umekaa sawa.

Hapo unarudi In Rainbows na utaisikia upya kabisa. Mkataba na EMI ulikuwa umeisha, hawana lebo, Oktoba 2007 Jonny akaandika kwamba albamu imeisha na inatoka baada ya siku kumi, ukaingia kwenye tovuti yao unalipa unachotaka hata kama ni sifuri. Watu walijadili hiyo bei mpaka muziki ukasahaulika kidogo, wakati humo kuna Nude, wimbo waliokuwa wanahangaika nao toka enzi za OK Computer, ukakaa karibu miaka kumi ukisubiri Colin apate besi yake.

The King of Limbs, Februari 2011, nyimbo nane, dakika 37, jina limetoka kwenye mti wa mwaloni wa zamani sana huko msitu wa Savernake, Wiltshire. Hapa gita limekatwa vipande vidogo vinavyojirudia, kama kila kitu kingine humo, Jonny aliandika hadi programu ya kufanyia kazi hiyo. Ni ngumu na iko baridi kidogo, nakubali. Dawa yake ni kuisikiliza kwanza ile waliyopiga laivu kwa ajili ya kipindi cha From the Basement, wakamwongeza Clive Deamer, mpiga dramu wa pili, na vile vipande vya mashine vinakuwa jasho la watu. Baadaye rudi kwenye albamu, na ngoja wimbo wa mwisho, Separator, katikati yake gita linaingia taratibu, na baada ya dakika zote zile za vipande utashangaa linavyofariji.

A Moon Shaped Pool, Mei 2016, nyimbo 11 zimepangwa kwa alfabeti na bado zinakaa kama zilipangwa kwa miezi. Wakati huu Jonny alishakuwa mtunzi wa muziki wa filamu kwelikweli, na zile violini 16 za 1997 sasa ni London Contemporary Orchestra. Burn the Witch, violini zinagongwa badala ya kuvutwa, zinafanya ile kazi ya kuchakarika ambayo zamani ingefanywa na gita la Ed. Kwaiyo jibu la swali ni kwamba gita limewapa watu wengine kazi yake. Ila Present Tense bado ni gita na Thom, na Identikit inamalizika na Jonny anapiga gita peke yake kwa hasira kama kijana. Wimbo wa mwisho, True Love Waits, waliupiga jukwaani toka 1995, gita na sauti tu, mashabiki wameusubiri miaka zaidi ya ishirini wauweke kwenye albamu ya studio, na walipouweka gita halipo kabisa, ni piano. Sikiliza kwanza toleo la laivu la 2001 lililo kwenye albamu yao ya laivu inayoitwa pia I Might Be Wrong, halafu hili, zifuatane.

Ukifika hapo na bado una njaa, tafuta Talk Show Host ya 1996, ilikuwa upande wa pili wa singo ya Street Spirit na inazidi nyimbo nyingi zilizoingia kwenye albamu. Halafu ingia kwa The Smile, bendi nyingine, ni Thom, Jonny na Tom Skinner kwenye dramu, anza na A Light for Attracting Attention ya 2022, lile gita la Thin Thing uliskize ukiwa na hedifoni ileile, ni Jonny anakimbia kwenye nyuzi kwa kasi ambayo Radiohead hawajawahi kumruhusu.